Sikio la Kisima Asumini

Siku ya arobaini na moja baada ya mazishi ya Bi Asumini Chitanda, kisima chenye jina lake kilisema kinavuja.

Kilisema asubuhi, wakati wa kuitana, Somoe Nanjota akiwa na kikombe cha chai mkononi na kipande cha muhogo wa kuchemsha mdomoni. Kuitana ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya siku pale Kituo cha Ukaguzi cha Nang'unde. Mkaguzi anaita visima vya gesi kwa majina, kimoja baada ya kingine, na sikio la kila kisima linajibu. Kama hakuna neno, linasema "mzima", basi, mnaendelea. Visima vyote vya Nang'unde vilipewa majina ya wanawake wa pale waliokuwa hai siku vilipochimbwa, na mwenye jina alikuwa somo wa kisima maisha yake yote. Siku ya kukizindua alipewa kanga mbili na kiti cha mbele. Zamani hizo wakaguzi walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kisima chake. Wakati wa kuitana ukumbi ulivuma kwa soga, mtu anamtania mwenzake kwamba kisima chake kinakoroma kama mkewe. Sasa alibaki Somoe peke yake, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, akiita majina katika ukumbi wenye viti kumi na kimoja vitupu ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitoa.

"Mwanahawa?"

"Mzima."

"Binti Lukanga?"

Kikaja kikohozi kwanza. "Mzima." Sikio hilo lililelewa na mkaguzi Mama Nandonde, aliyekuwa na kifua kibovu, nalo likadhani kukohoa ni sehemu ya kujibu.

"Asumini?"

"Anavuja," likasema sikio, kwa ile sauti nzito ya taratibu ya marehemu Mzee Issa Chitanda. "Nyuma ya bomba la kinga, mita mia mbili na kumi kwenda chini. Gesi inapanda kwenye udongo kuelekea Mtaa wa Chini. Imefika kwenye nyumba."

Somoe alitua kikombe. Muhogo ukamkaa mdomoni, hautafuniki wala haumezeki.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu ya msiba."

"Siku thelathini na nane unajua, na umenyamaza?"

"Ulikuwa umefiwa, mwanangu," likasema sikio. "Mtu hapelekewi shida nyingine akiwa matangani. Jana mmesoma arobaini. Leo nimesema."

Hapo ndipo Somoe alipokumbuka. Kila asubuhi kwa siku zile arobaini aliita "Asumini?" na kila asubuhi sikio likamjibu "Pole, mwanangu." Naye akafarijika. Hata machozi yalimtoka mara mbili tatu, maana Bi Asumini ndiye aliyempokea alipofika Nang'unde msichana wa miaka ishirini na mbili, akamlaza chumba cha uani, akamlisha na kumwita mwanawe. Na sauti iliyompa pole ilikuwa ya mume wa Bi Asumini, mwalimu wake, aliyetangulia miaka kumi na miwili nyuma. Alizipokea zile pole zote kwa mikono miwili. Asubuhi hata moja hakutanabahi kwamba sikio halikuwa limesema "mzima".

*

Mtu wa kuja angesema mtambo ni mbovu. Haukuwa mbovu. Ulikuwa umelelewa hivyo.

Sikio lenyewe ni chombo cha kauri, ukubwa wa kifuu, kilichozikwa kando ya kisima, na kutoka kwake zinashuka nyuzi nyembamba kuliko nywele hadi chini kabisa, zikisikia mtetemo, joto na msukumo. Akili yake haikai humo. Inakaa kwenye mitambo ya kufikiri huko Dodoma, inayokodiwa kwa saa, kwa bei ya kuumiza. Waliobuni masikio waligundua mapema kwamba kuvuja hakuna sauti yake maalumu. Kuvuja ni jambo lisilo la kawaida ya mahali, na asiyejua kawaida ya mahali hawezi kulijua. Kwa hiyo sikio changa halikuzikwa papo hapo. Mkaguzi alilibeba miaka saba katika mfuko wa begani, akaenda nalo sokoni, msikitini, kwenye palizi ya mikorosho, harusini na matangani, mpaka likajua mvua ya Nang'unde ikinyesha inasikikaje na watu wa Nang'unde wakinyamaza wananyamaza kwa sababu gani. Ndipo likazikwa.

Mzee Chitanda alilibeba lake kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Alilisimulia njia nzima, na wapita njia wakamwona ameshikwa na pepo. Somoe, mwanagenzi wake, alitembea nyuma na ndoo ya maji ya sabuni, akisikiliza masomo yasiyokuwa yake. "Hapa amefiwa mkaguzi mwenzangu Ligambo," Mzee aliliambia sikio siku moja mbele ya ua wenye turubai, "nilikuwa nimdai jembe langu, lakini sitamwuliza neno mpaka arobaini ipite." Somoe alikuwepo na aliyasikia kwa masikio yake. Angemlaumu nani?

*

Saa tatu asubuhi alikuwa kisimani na ndoo, sabuni ya mche iliyokunwa, na brashi ya kupakia chokaa. Injinia Ngalapa wa Kampuni ya kuchimba gesi alimkuta amepiga magoti. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limepigwa pasi, mwenye tabia ya kusema ukweli hata pale usipomsaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone."

Alipaka povu pembeni ya bomba, pale linapoingia kwenye zege. Povu likatulia kidogo, kisha likaanza kuota mapovu, dogo, kubwa, dogo, bila haraka. Hapakuwa na harufu yoyote. Gesi mbichi ya Nang'unde haina harufu, na hiyo ndiyo hatari yake. Somoe akanyoosha kidole kuelekea mteremkoni. Katika shamba la muhogo lililotenganisha kisima na Mtaa wa Chini, majani yalikuwa yamegeuka manjano katika mstari mmoja, kama njia iliyokanyagwa na mtu asiyeonekana, na njia hiyo ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba.

Ngalapa alichuchumaa akatazama povu kwa muda mrefu. "Huu ni mvujo wa daraja la kwanza," alisema.

"Ni daraja la kwanza."

"Lakini neno la daraja ni lako, mama. Sheria haimpi mtu mwingine." Akaitazama saa ya kisima, ile yenye mishale miwili. Mshale mkubwa ulionyesha gesi inayopita. Mdogo ulionyesha ada ya uangalizi inayokatwa humo humo, dakika ile ile, na uliufuata mkubwa popote ulipokwenda kama mwanakondoo na mamaye. "Ukisema daraja la kwanza, tunafunga leo. Sitabisha. Kampuni haitalia sana, kisima chenyewe kimebakiza mkia. Lakini mshale mdogo nao utalala. Na huo mshale mdogo ndio unaolisha masikio yote kumi na mawili."

"Najua unalisha nini."

"Visima kumi na kimoja vilivyozibwa, mama. Havitoi gesi, havilipi ada. Saruji yake ni ya tangu kuchimbwa, ina miaka hamsini. Juu yake kuna nyumba elfu moja na mia nne, soko na shule. Mimi ni mtu wa saruji. Ndani ya miaka miwili mitatu kimojawapo kitaachia. Sikio likiwa macho litasema mapema. Likizimwa, tutajua siku mtu atakapowasha jiko." Akajifuta jasho. "Ukisema daraja la pili, tunapunguza msukumo, tunaacha kitiririke taratibu miaka miwili. Masikio yanaishi. Mvujo utapungua. Hautakwisha, sikudanganyi."

"Na watu wa Mtaa wa Chini?"

"Daraja la pili halihamishi watu. Ukiwahamisha, umekwisha sema ni daraja la kwanza, na valvu inafungwa kwa amri."

Somoe alisuuza brashi. Alitamani kijana huyu angekuwa tapeli, amletee bahasha, amfukuze kwa matusi, mambo yaishe. Lakini Ngalapa alikuwa amesema yale yale aliyokuwa akiyawaza yeye tangu chai.

*

Alipokuwa msichana, sheria ya ada aliimbishwa kama kiitikio. Anayechimba ndiye alipe wa kumchunguza. Shilingi ya mkulima wa korosho isiguswe, mkono wa Hazina usiingie, ili asitokee mwanasiasa wa kumbana mkaguzi tumbo. Walioitunga walikuwa watu wazuri, na kwa miaka mingi ilikuwa sheria nzuri. Gesi ilitoka kwa kishindo na ada ikafuata. Kituo kilikuwa na bweni, zahanati, na timu ya mpira iliyovaa jezi za njano na kufungwa na kila mtu. Ijumaa Mama Nandonde alipika pilau kwenye sufuria la kuogeshea ndama, na Chingwile, aliyelilea sikio la Mwanahawa, alipiga zumari vibaya kwa kujiamini. Somoe alicheka siku zile mpaka mbavu zikamuuma. Nani, katika neema ile, angeuliza nani atalipa wa kukilinda kisima siku kitakapokufa? Lilikuwa swali la uchuro. Kwa hiyo halikuulizwa, na halikuandikwa, na visima vikafa kimoja kimoja kama watu.

Mkurugenzi wa ukaguzi, Kihwelo, alitokea kwa picha ukutani saa nne na nusu, kutoka Dodoma, mzima mzima, mpaka kalamu za mfukoni ukazihesabu. Alimsikiliza Somoe bila kumkatiza.

"Bi Somoe," alisema mwishowe, "sitakwambia uandike nini."

"Ahsante."

"Nakwambia tu hali. Nimekwenda Hazina mara nne. Wananisomea sheria yetu wenyewe: fedha ya umma isitumike kwa uangalizi wa gesi. Vituo vingine vyote vinapumulia mashine kama wewe. Ukizimika na wewe, sina hela ya kuyaweka hata masikio matatu macho, sembuse kumi na mawili." Alivua miwani. "Daraja la pili lina nafasi yake. Wapo wakaguzi waaminifu walioliandika wakalala usingizi."

"Wapo wangapi walioliandika na povu limewaotea mkononi?"

Kihwelo alivaa tena miwani. Aliuliza tu kama bado wanapata mvua, kisha ukuta ukabaki ukuta.

*

Alishuka Mtaa wa Chini kwa miguu. Fadhila Nambole, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa barazani akibangua korosho, vidole vimepakwa majivu, na mtoto wake mdogo amelala kwenye mkeka karibu na mlango.

"Shikamoo bibi. Karibu, hata sijapika."

"Marahaba, mwanangu. Huyu naye analala saa hizi?"

"Kichwa. Siku hizi wote humu ndani vichwa vinatuuma. Si nilikwambia pale msibani? Ukasema ni moshi wa kuni na kulia."

Ni kweli, alisema hivyo. Alikuwa ameketi jamvini, kanga imemfunika uso, na Fadhila alipomnong'oneza akamjibu kwa huruma ya mtu anayejua mambo. Somoe alipaka povu kwenye ufa wa kizingiti. Halikukawia.

Aliinuka, akamwambia Fadhila asiwashe moto, afungue madirisha yote, ampeleke mtoto uwanja wa mpira na kuwaambia majirani wafanye hivyo hivyo mpaka atakaporudi. Fadhila alimtazama machoni, akaacha korosho zake katikati, akambeba mtoto. Hakuuliza, maana alimwamini. Hilo lilimuuma Somoe kuliko kama angeulizwa.

Njiani kurudi kisimani alijua amekwisha kusema nusu ya neno. Bado nusu. Alikaa kwenye zege kando ya bomba, pale Mzee Chitanda alipozoea kukaa na kuvua kiatu kimoja.

"Mzee," aliliita sikio.

"Mimi si Mzee. Nilikaa naye tu miaka saba."

"Najua. Angefanyaje yeye?"

"Sijui. Katika miaka ile saba Asumini hakuvuja hata siku moja."

Somoe alicheka kidogo, cheko la kohoni. "Na wewe je? Unajua nikifunga unazimwa."

"Najua. Ukiniacha miaka miwili nitasikia miaka miwili. Mengi yatakuwa ni huyu akivuja. Na wale wengine wakiniambia kitu nitakwambia." Kisha likaongeza: "Nyumba ya pili baada ya kwa Fadhila imefikiwa sasa hivi. Ile yenye bati jipya."

Hapo Somoe alijiuliza swali ambalo alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. Kama sikio hili lingekuwa la Ligambo, au la Chingwile na zumari lake, angekuwa ameketi hapa bado? Alijibu kwa haki: angekuwa amekwisha simama. Hesabu ya nyumba elfu moja na mia nne ilikuwa ya kweli, na ilistahili kumtoa mtu jasho. Lakini kilichomgandisha pale kwenye zege kilikuwa sauti. Ilikuwa ni kusikia tena kesho, saa moja asubuhi, mtu akimwita mwanangu, yeye ambaye kwa kufiwa na Bi Asumini hakubaki na wa kumwita hivyo duniani. Alikuwa tayari kumwacha mtoto wa Fadhila alale na kichwa kinachouma kwa ajili ya kuitwa. Alipoliona hilo aliona haya, na haya zile zilimnyanyua.

Alimpigia Ngalapa. "Daraja la kwanza," alisema. "Njoo tufunge."

*

Valvu ya Asumini ilikuwa ya mkono, ya kizamani, gurudumu lenye upana wa sinia la pilau. Walilizungusha wawili, Ngalapa upande mmoja na Somoe upande wa pili, jua la saa saba likiwachoma visogo. Sikio liliwahesabia msukumo ukishuka. Mishale miwili kwenye saa ililala pamoja.

"Bado kidogo," likasema sikio. "Robo mzunguko. Mzee alikuwa anakanyaga hapo kwa kisigino."

Somoe alikanyaga kwa kisigino. Chuma kikalia, kikakaa.

"Basi," likasema sikio. "Umefunga."

Ada iliyokuwa imekwisha kukatwa siku ile ilitosha kuyalipia masikio hadi saa kumi na moja jioni. Watu wa Mtaa wa Chini walikuwa uwanjani na vyombo vyao, wameambiwa kwamba valvu imefungwa ila udongo utachukua wiki kadhaa kupumua, na kwamba hakuna kurudi ndani kwa sasa. Somoe alihakikisha kila mlango mwenyewe. Kisha, saa kumi na nusu, alifanya jambo ambalo halikuwemo kwenye mwongozo wowote. Alikwenda ukumbini, akakaa kwenye kiti chake kati ya vile viti kumi na kimoja, akaita majina mara ya pili katika siku moja.

Masikio yalimjibu yote. Mwanahawa alisema mzima kwa ule mkato wa Chingwile, kama mtu aliyekatishwa katikati ya zumari. Binti Lukanga alikohoa akasema mzima. Somoe aliita polepole, akaliacha kila jina likae hewani kabla ya kuita lingine, na kwa muda ule mfupi ukumbi ulikuwa na watu. Alimwona Mama Nandonde akipuliza moto, macho yamemwiva. Alimwona Ligambo akinyoosha mguu uliofungwa bandeji baada ya mechi na kudai kwamba refa ndiye aliyemuumiza. Alimwona Mzee Chitanda, mfuko begani, akiuliza kama kuna chai. Alilia wazi wazi, bila kanga usoni, maana nani wa kumwona?

Sikio la Asumini alilibakiza mwisho, na alipoliita lilimwambia kwamba msukumo nyuma ya bomba unaendelea kushuka vizuri na kwamba mvua ikinyesha aziangalie nyufa za kizingiti kwa Fadhila. Lilikuwa likitaja kina cha maji ya ardhini saa ilipofika, na halikumaliza nambari.

*

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na kuitana. Palikuwa na fomu.

Fomu ya kufunga kituo ilitaka hali ya kila kisima. Asumini ilikuwa rahisi: kimefungwa, mvujo unapungua. Vilibaki kumi na kimoja, na mbele ya kila jina nafasi ya neno moja. Kihwelo alikuwa ukutani tayari, hajanyoa.

"Andika 'salama', Bi Somoe. Hakuna taarifa yoyote ya mvujo kwenye hivyo kumi na kimoja. Jana jioni vyote vilijibu vizuri, kumbukumbu ninayo."

"Jana, ndiyo. Fomu inauliza leo."

"Leo hakuna kilicholalamika."

"Hakuna wa kulalamika."

"Ni namna ya kuandika tu. Hakuna taarifa maana yake ni salama. Ndivyo tunavyofanya vituo vyote vilivyofungwa." Sauti yake ilianza kuchoka. "Ukiandika vingine, sheria inakulazimisha uwaambie wakazi. Nyumba elfu moja na mia nne. Watahamia wapi? Watatufuata na mapanga, na watakuwa na haki. Hazina watataka kujua nani amewasha moto huu."

"Wakitaka kujua, waje waulize. Labda ndiyo njia ya kuwaleta."

"Na wasipokuja?"

Somoe aliivuta fomu karibu. Alikuwa na siku arobaini za kupewa pole, na mtoto aliyelala mchana mlangoni, na mkono wake mwenyewe uliotia alama ya "salama" kila asubuhi mbele ya jina la Asumini kwa sababu hakuna aliyesema vinginevyo. Alishika kalamu akaandika "haijulikani" mbele ya Mwanahawa. Akaandika tena mbele ya Binti Lukanga. Aliandika mara kumi na moja, kwa herufi za kusomeka, na mkono ulikuwa umechoka alipomaliza. Kihwelo alimtazama hadi neno la mwisho, kisha akajizima mwenyewe bila kuaga.

Somoe alitoka kwenda kuwaambia wakazi, na kipaza sauti cha kituo, kile walichokuwa wakitangazia mechi. Hakufika mbali. Kwenye njia panda ya kupanda kilimani alikutana na watu wa Mtaa wa Chini, wamelala uwanjani usiku kucha, sasa wanahamia kwa ndugu zao. Kulikuwa na masufuria, kuku waliofungwa miguu, cherehani juu ya baiskeli. Mbele yao wote alikuwa Fadhila, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa macho, anatafuna muwa, na hakulalamikia kichwa.

"Shikamoo bibi. Mungu akulipe. Jana tumelala nje lakini tumelala."

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi?"

"Juu kule, kwa dada yangu, karibu na kisima cha Mwanahawa. Ana vyumba viwili vitupu, na wengine watajibanza kwa majirani." Alilishika godoro kwa mkono mmoja lisiteleze, akatabasamu, kama mtu anayeuliza ili tu amalize maongezi na aendelee na safari. "Kule pazima, si ndiyo?"

Miaka thelathini na tisa aliulizwa swali hilo njiani, sokoni, hata kwenye foleni ya zahanati, na kila mara alijibu kabla mtu hajafunga mdomo. Somoe alikitazama kilima. Mikorosho ilikuwa imechanua, na mabati ya nyumba yaling'aa safi juani.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Fadhila alisubiri, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Yalipokosekana, aliinama taratibu akalitua godoro katikati ya njia, na waliokuwa nyuma yake nao wakasimama na mizigo yao, wakimtazama Somoe, wakingoja awaambie waende wapi.